Kodi ya Kodi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekatwa! Leo nimepokea mshahara wangu wa kwanza maishani, umenifikia umekonda kama mgonjwa aliyetolewa hospitali kabla hajapona. Theluthi nzima haipo. Kwenye karatasi pameandikwa neno moja tu: KODI.

Niandike kwa utaratibu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nakaa kwa Shangazi, dada yake baba, kwa sababu hosteli ya chuo mama haiwezi. Tangu mwezi uliopita nafanya kazi baa, ile ya nyuma ya kituo cha mabasi, zamu ya mchana hadi jua linapozama. Naosha glasi, nafuta meza, napeleka vinywaji. Shangazi anajua niko kwenye kikundi cha majadiliano. Na aendelee kujua hivyo hivyo. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa akalinywa lote, jora kwa jora. Tangu hapo Shangazi ana sheria moja, na mimi alinisomea siku ya kwanza kabla sijaweka begi chini: mtoto wa kaka yake akitia mguu mmoja baa, mguu wa pili upande basi urudi kwao. Nikirudi kwetu, chuo ndiyo basi tena. Kwa hiyo fulana ya kazi inakaa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kitabu cha takwimu. Shangazi hawezi kugusa kitabu cha takwimu. Hata mimi naogopa.

Nilimfuata meneja. Yaani nilifika mlangoni kwake, nikasafisha koo, nikarudi. Nikafanya hivyo tena na tena, mpaka yeye mwenyewe akatoka akanikuta nimesimama na trei tupu kama sanamu. Akaniambia sina namba ya mlipakodi, ndiyo maana nakatwa kama mtu asiyejulikana atokako. Nikileta namba, kipato kidogo kama changu hakikatwi kitu, na kilichokwisha kukatwa naweza kukidai. Kudai! Mimi, ambaye sijawahi kudai hata chenji.

Dada wa Kaunta alisikia. Husikia yote huyo, hata ya jikoni feni ikiwa inanguruma. Ndiye anayebeba chupa nane kwa mkono mmoja, na ndiye aliyenipa jina la Mnong'ono, kwa kuwa wateja hulazimika kunisogezea sikio. Akatangazia meza zote kwamba Mnong'ono amekatwa kama kitunguu, na machozi ndiyo yale. Hayakuwa machozi. Ni joto.

Mpango: nipate namba bila Shangazi kujua. Rahisi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi.

Foleni. Viti vya chuma vinavyobana mapaja. Kila zamu yangu ilipokaribia nilimpisha mtu, mpaka mzee mmoja akaniuliza kwani hapa nimeajiriwa kupisha watu.

Fomu ina lugha mbili, kushoto ya shule, kulia ya nyumbani. Nimesomeshwa zote mbili, na nikiogopa zinanikimbia zote mbili kwa pamoja. Penye KAZI mkono ulikataa kuandika baa. Nikaandika: Mtaalamu wa Vimiminika. Si uongo. Bia ni kimiminika.

Penye MAKAZI nilifikiri sana. Barua ikija nyumba kubwa, Shangazi ataifungua. Hufungua hata bili za jirani, kwa wema tu. Lakini uani kuna chumba anachopangisha, na humo anakaa mtu tunayemwita Bwana Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake akidaiwa. Barua za chumba hicho hupenyezwa chini ya mlango wake, naye hafungui barua yoyote, akiamini kuwa zote zimetoka kwa watu wanaomdai. Pahala salama kuliko pote! Nikaandika: Chumba cha Uani.

Afisa alikuwa mpole, miwani yake imefungwa uzi. Upole ndio ulionimaliza. Angefoka ningenyamaza. Aliuliza chumbani humo nakaa kama nani. Nikasema: mpangaji. Akauliza kodi namlipa nani. Nikaona huyu ananitega, nikajibu kwa adabu zote: nawalipa nyinyi. Akacheka, akasema ofisi yao haijajenga nyumba hata moja, angekuwa anakaa humo yeye.

Hapo ndipo nikaelewa kuwa anauliza kodi ile nyingine! Kwa lugha ya shule hayo ni maneno mawili yasiyojuana hata kwa salamu, moja la serikali, moja la mwenye nyumba. Sisi nyumbani tumeyapa jina moja tukayalaza kitanda kimoja. Nikaona haya hadi masikioni. Ili nisionekane mjinga nikamtaja Shangazi haraka. Jina lake, la baba yake, la babu yake, na lile wanalomwita sokoni. Mtu wa kunong'ona akianza kusema hajui pa kusimama.

Afisa akaandika yote, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe.

Namba itatoka wakishathibitisha makazi. Nadhani nimejieleza vizuri leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nusura nife mezani.

Tulikuwa tunakula, mimi na Shangazi. Akaweka kijiko chini. Akasema, huku anatazama ukuta, kwamba humu ndani kuna mtu ana mambo yake ya kodi anayaficha, na mtu huyo anadhani yeye Shangazi ni kipofu. Tonge likasimama kooni. Akasema yeye anajua kila kitu, alikuwa anangoja tu mtu huyo ajitokeze mwenyewe, maana aibu ina mwenyewe.

Nikajitokeza! Nikasema naomba unisamehe Shangazi, kosa ni la bosi, hakuniambia mapema. Akauliza bosi gani. Nikasema bosi wa kikundi cha majadiliano. Akauliza tangu lini wanafunzi wana bosi. Nikasema tangu muhula huu.

Alinisogezea jagi. Kisha akasema, "Mwanangu, kunywa maji. Mimi namsema huyo mzigo wa uani. Miezi mitatu hajalipa kodi!"

Nikanywa maji. Nikanywa jagi zima.

Kumbe asubuhi amekwenda ofisi ya mtaa kumshtaki Bwana Kesho, na wamemwahidi kutuma mtu. Amefurahi sana. Akaniuliza kama kwenye majadiliano yetu tumewahi kujadili wapangaji. Nikasema iko mada ya mbele.

Nimelala kitandani. Ameniita mwanangu. Afadhali angenizaba kibao.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Mbaya mno. Naandikia stoo ya baa, nimekalia kreti.

Saa kumi hivi waliingia watu wawili wakakaa meza ya pembeni. Nikapeleka soda na bia. Mmoja akainua uso, miwani imefungwa uzi. Akapaza sauti kwa furaha ya kweli: "Ahaa! Mtaalamu wa vimiminika!"

Baa nzima ikageuka. Dada wa Kaunta akarudia jina hilo polepole, kama anayejaribisha nguo mpya. Basi. Mnong'ono nimekufa, Mtaalamu nimezaliwa. Hata mpishi ameniomba maji kwa cheo hicho.

Afisa akanong'ona, kwa heshima yangu, kwamba Jumatatu anakuja nyumbani kuthibitisha. Nikamwambia asijisumbue, jua kali, barabara mbovu, nitamletea picha ya mlango. Akasema hapana, sheria inataka auone mlango wenyewe. Halafu akaongeza kuwa ana hamu sana ya kumfahamu mwenye nyumba wangu. Mwenye nyumba huyo anapokea kodi kutoka kwa mpangaji, lakini kwenye kompyuta yao hayumo kabisa. Na kodi ya nyumba nayo, alisema huku akipuliza povu la bia, ina kodi yake.

Kodi ya kodi!

Nilisimama pale na trei. Nikaelewa nilichofanya. Nimekwenda serikalini kwa miguu yangu, nimepanga foleni, nimemshtaki Shangazi yangu. Kwa majina yote.

Nikavunja glasi tatu. Dada wa Kaunta akanivuta stoo, akaniuliza nina nini, nikamwambia yote, nimeshindwa kujizuia. Akasikiliza bila kucheka, jambo lililonitisha zaidi. Akasema, "Mdogo wangu, nenda kamwambie shangazi yako leo. Akisikia kwako atafoka. Akisikia kwa huyo bwana, utaondoka."

Nimelipima wazo hilo. Nimeliona halina ufundi.

Wazo langu ni hili: tatizo si nyumba, tatizo ni mpangaji. Jumatatu chumba cha uani kikiwa kitupu, hakuna mpangaji. Hakuna mpangaji, hakuna kodi. Hakuna kodi, hakuna kodi yake. Afisa atatazama mlango, ataona mlango, ataondoka. Linabaki jambo moja: Bwana Kesho asionekane siku hiyo. Nitamwambia leo leo, kwa maneno machache, yaliyo wazi.

Jumapili, 9 Machi

Maneno yalikuwa machache. Yalikuwa wazi. Nilimwambia Bwana Kesho: "Shikamoo. Jumatatu watu wa kodi wanakuja hapa. Nakuomba usiwepo."

Alinishika mikono yote miwili. Akasema nina roho ya malaika. Akasema hajui atanilipa nini, ila atanilipa. Nikashangaa mtu mzima kufurahia hivyo matembezi ya siku moja.

Alfajiri Shangazi alipiga yowe uani. Nikatoka na khanga. Chumba kitupu. Godoro limekwenda. Kitanda kimekwenda, na sijui kilipitaje. Pazia, balbu, kitasa cha mlango. Ametuachia msumari mmoja ukutani na kalenda ya mwaka juzi.

Ikaniingia taratibu. Yeye alisikia kodi ile nyingine! Alidhani wanakuja madalali kumtolea vyombo nje.

Shangazi aliketi kizingitini, mikono kichwani. Miezi mitatu imepotea, akasema, na mtu amekwenda na kitasa. Nani kamtonya? Aliuliza hewa, aliuliza kuku, akaniuliza mimi. Nikasema labda aliota. Akasema mtu hawezi kuota akabeba kitanda.

Nilimpikia chai, nikatia sukari mara mbili. Akainywa yote. Akasema angalau nina wewe, mwanangu, wewe hunifichi kitu.

Nilikwenda chooni nikakaa huko.

Lakini tuwe wakweli: chumba KITUPU. Mpango umefaulu kupita kiasi. Kesho afisa hataona kitu. Nimebadilisha nguo mara mbili kwa jasho.

Jumatatu, 10 Machi

Imekwisha. Naandika kama ilivyokwenda.

Afisa alifika tukiwa tunafagia uani. Akasalimia vizuri, akasema ametoka ofisini, amekuja kwa ajili ya kodi.

Shangazi akatupa ufagio. Akampokea kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Umechelewa baba, akamwambia, amekimbia jana na kitasa changu, lakini karibu kiti! Alidhani ni mtu wa ofisi ya mtaa, yule aliyeahidiwa Alhamisi.

Nilikohoa. Nikakohoa tena. Nikakonyeza macho yote mawili. Shangazi akaniambia nikanywe maji.

Akaanza. Akamweleza afisa kodi ya mwezi ni kiasi gani. Akamweleza mpangaji huyu alianza lini. Afisa akauliza, kwa upole ule ule, kama kabla yake palikuwa na mwingine. Shangazi akasema ohoo, wewe! Kabla yake alikuwa fundi cherehani, mlipaji mzuri. Kabla ya fundi, muuguzi na dada yake. Kabla ya hao, mwalimu, na yule alilipa mwaka mzima mkupuo mmoja, Mungu ambariki. Alihesabu kwa vidole vya mikono akahamia vya miguu. Akaleta na daftari ili afisa asije akakosea. Afisa aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Shangazi akamwazima yake.

Halafu afisa akaninyooshea kidole. Akauliza, na huyu mpangaji wa sasa analipa ngapi.

Shangazi akacheka. Mpangaji gani? Huyu mtoto wa kaka yangu, halipi hata senti, ni mwanafunzi. Afisa akapekua karatasi, akasoma kwa sauti: ameandika ni mpangaji, chumba cha uani, mtaalamu wa vimiminika, yaani wa ile baa iliyo nyuma ya kituo cha mabasi. Na anafanya kazi vizuri, akaongeza ili kunisaidia, Jumamosi alinihudumia mwenyewe.

Kuku walinyamaza.

Afisa akaeleza yeye ni nani hasa. Akamwambia Shangazi aende ofisini mwenyewe kabla mwezi haujaisha, ajiandikishe, na kwa kuwa amesema kila kitu kwa hiari yake hawatamtoza faini ya miaka ya nyuma. Akaniambia namba yangu itatumwa kwenye simu. Akashukuru kwa kiti. Akarudisha kalamu.

Nikaenda kufunga begi. Nilianza na kitabu cha takwimu. Nililia, na safari hii sisingizii joto.

Shangazi hakuja. Nilimsikia jikoni akisugua sufuria moja. Akaisuuza, akaisugua tena. Mwishowe akaniita. Nikaenda na begi mkononi ili kumrahisishia.

Hakufoka. Heri angefoka. Alisema watu wote wanajua mumewe alikunywa duka, lakini kisichojulikana ni kwamba yeye Shangazi alikuwa wa mwisho kuambiwa. Wauzaji walijua, majirani walijua, mpaka mtoto wa kuleta maziwa alijua. Yeye aliingia dukani siku moja kununua kitambaa cha sare ya kwaya akakuta rafu tupu. Akasema, "Pombe niliisamehe zamani. Kuwa wa mwisho ndiko sijakusamehe. Na leo umenifanya wa mwisho tena, mbele ya mgeni, mimi nikimwazima kalamu."

Nikasema samahani, kwa sauti yangu ile. Akasema sema usikike. Nikasema SAMAHANI SHANGAZI, mpaka jirani akaitika.

Akaifunika sufuria yake. Kisha akasema sheria yake haivunjwi. Mtoto wa kaka yake hawezi kukaa nyumba hii huku anafanya kazi baa. Nikainua begi. Akasema ngoja sijamaliza. Mpangaji, yeye, sheria hiyo haimhusu. Mpangaji ana sharti moja tu: alipe kodi. Na serikali yenyewe ina karatasi inayosema mimi ni nani.

Akanipa ufunguo wa chumba cha uani. Kisha akakumbuka kwamba kitasa hakipo, akauchukua.

Ijumaa, 14 Machi

Namba imekuja! Meneja ameiandika, mwezi ujao sikatwi. Dada wa Kaunta amenipongeza kwa kuniita Mtaalamu mara moja tu, kwa upole.

Nalala uani. Mlango naufunga kwa kamba. Chakula nakula kwa Shangazi, kwa sababu, anasema, kodi ni kodi na njaa ni njaa. Jana amejiandikisha ofisi ya kodi. Afisa alimpa kiti kizuri, si cha chuma. Ameniambia mambo ya kazini nimweleze nikirudi, yote, hata ya kuvunja glasi, na asisikie kitu pembeni tena. Nimeahidi kwa kiapo. Nilikimaanisha.

Ila hesabu haikai sawa. Kile nilichokuwa nakatwa na serikali ndicho hasa nitakachokuwa nakatwa na Shangazi, na Shangazi hana fomu ya kudai.

Lakini leo zamu ilipoisha, Dada wa Kaunta amesema mwenye nyumba wake amepandisha kodi, naye anatafuta pa kuhamia. Nikatazama mbali nikafikiri. Chumba cha uani ni kipana. Godoro langu ni jembamba, lake litaingia ukuta wa pili. Atanilipa mimi nusu, au nusu na kidogo, maana mimi ndiye mwenyeji. Nimemtajia bei bila kunong'ona. Amenitazama kwa namna ya ajabu, akauliza kama shangazi yangu anajua. Nikasema hilo niachie mimi. Anahamia Jumapili, Shangazi akiwa kwaya. Nitasema ni binamu yangu wa upande wa mama. Upande huo ni wengi, Shangazi hawafahamu wote.

Nimelitazama jambo hili pande zote, kwa lugha zote mbili. Halina tundu. Na ofisi ya kodi hainihusu hata chembe. Mimi si mwenye nyumba, mimi ni mpangaji. Mpangaji anayepokea kodi sidhani hata kama wamemtungia fomu.